Ukitia mbao dawa ya moto, unanunua nini hasa?

Wateja wengi hutuuliza swali moja kabla ya kulipa: "Mkishaitia dawa, mbao hii haitaungua tena?" Itaungua. Mti ni mti, na hakuna dawa inayougeuza kuwa jiwe. Kinachobadilika ni kwamba mbao huchelewa kushika moto, mwali hautembei haraka juu yake, na chanzo cha moto kikiondolewa, mara nyingi huzimika yenyewe. Kwa mtu aliyelala chumba cha ndani, dakika hizo ndizo njia yake ya kutoka. Hatumwambii mteja zaidi ya hapo, maana anayeamini nyumba yake haiungui hatajisumbua kuweka king'ora cha moshi wala kuacha mlango wa pili wazi.

Washa njiti ya kibiriti uitazame kwa karibu. Mwali haujagusa kijiti sawasawa. Kuna upenyo mwembamba kati yao. Kinachowaka pale ni gesi. Mti ukipashwa joto hutoa kwanza maji yake, kwenye nyuzi 100. Joto likizidi nyuzi 200 hivi, mti wenyewe huanza kuvunjika, na likikaribia 300 gesi hutoka kwa wingi kiasi kwamba cheche moja inatosha. Mwali ukishashika huurudishia mti joto, mti hutoa gesi nyingine, na moto unaendelea kujilisha. Ndiyo maana ukuni mmoja peke yake hufifia ukazimika, lakini ukiusogeza kwa mwenzake vinapashana joto na kuwaka vizuri.

Gesi zikiisha hubaki mkaa, na mkaa hupitisha joto taratibu sana. Tuliwahi kukata kwa msumeno boriti iliyotolewa kwenye nyumba iliyoungua. Nje ilikuwa nyeusi, imepasuka mraba mraba kama tope lililokauka. Chini ya weusi huo kulikuwa na ukanda wa kahawia usiozidi upana wa kidole, kisha mti mweupe, unanukia utomvu kana kwamba umepigwa randa jana. Mkaa uliukinga. Kanuni za ujenzi za Ulaya hukadiria kwamba moto hula mbao laini, kama za msonobari, kwa milimita 0.65 hadi 0.8 kila dakika. Kwa nusu saa hiyo ni sentimita 2 hivi, au zaidi kidogo, kwa kila upande unaopigwa na moto. Boriti nene bado ina mwili wa kubeba. Ubao wa dari wenye unene wa sentimita 1.5 umekwisha zamani. Kwa hiyo, kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, kwa kawaida hatuanzi na nguzo nene. Tunaanza na dari, mbao za ukutani na ngazi, mahali ambapo mwali hukimbia.

Dawa zenyewe si ngeni. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alionyesha kwamba fosfeti ya amonia na boraksi huzuia vitambaa kuwaka, enzi ambazo majumba ya maigizo yaliteketea mara kwa mara. Mpaka leo chumvi za jamii hiyo ndizo tegemeo. Fosfeti ikipata joto hutoa asidi, na asidi hiyo huukamua mti maji mapema, kabla haujaanza kumwaga gesi. Mti uleule unatoa mkaa mwingi na mvuke wa maji, na chakula cha mwali kinapungua.

Lakini asidi hiyo haichagui. Miaka ya 1980 nchini Marekani, plaiwudi za paa zilizotiwa aina fulani za dawa hizi zilianza kudhoofika na kumeguka bila moto wowote. Joto la jua lililojaa chini ya paa lilitosha kuiamsha dawa kidogo kidogo. Mbao ikienda juu darini, tuambie mapema.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuingiza mbao kwenye tangi, hewa ikafyonzwa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Ya pili ni rangi inayovimba: ikipashwa joto huumuka na kuwa povu gumu, nene mara nyingi kuliko rangi yenyewe, nalo hufanya kazi ileile ya mkaa.

Rangi hii unene wake ndio kazi yake. Tumeona fundi akiongeza maji kwenye ndoo ili itoshe ukuta mzima. Ukuta ulipendeza, lakini kinga haikuwepo. Vanishi ya zamani nayo lazima iondolewe kwa msasa, la sivyo rangi itabanduka wakati inapohitajika. Mbao iwe kavu. Na ukikata mbao iliyopakwa nje tu, ncha mpya ni mti mtupu, ipake tena.

Mvua huziosha chumvi za kawaida, kwa hiyo kazi ya nje inataka dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nje. Baadhi ya chumvi hunywa unyevu hewani na kulisha kutu misumari. Tumia iliyopakwa zinki. Na tafadhali, "mbao za dawa" unazozijua ni dawa ya mchwa. Usihesabu kwamba zimekingwa na moto.

Ukija, njoo na kipande cha mbao yako, hata cha urefu wa kiganja. Tutakigawa mara mbili, nusu tuitie dawa, na ikishakauka tuziwashe zote mbili mbele yako.