Barua kwa mpwa wangu: usiiweke rehani nyumba ya Tandika ili kuliokoa boma la Goba

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako kwa makini, pamoja na picha za daftari la mahesabu ulizonitumia, na nimeamua kukujibu hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu wapo vijana wengi hapa Dar es Salaam walio katika hali kama yako, wenye boma, yaani nyumba isiyomalizika, lililofika usawa wa lenta na benki iliyo tayari kuwakopesha. Unataka kukopa milioni 60 kwa kuiweka rehani nyumba ya Tandika, umalizie apatimenti nne za Goba, kisha zikurudishie milioni 45 uliyokwisha kuitumia. Nakuomba usifanye hivyo.

Hiyo milioni 45 ndiyo inayokunyima usingizi, nami nalielewa hilo. Lakini kiwanja, msingi, tofali, nondo na ufundi vimekwisha kulipiwa, na hakuna uamuzi wa leo utakaozirudisha fedha hizo mfukoni. Unapopima kama ujenzi uendelee, ziweke kando kabisa, uitazame milioni 60 mpya peke yake: itazaa nini, na ikishindwa kuzaa itachukua nini. Umesema yupo mtu anayelitaka boma kwa milioni 30. Ukimuuzia, umepoteza milioni 15, nayo ni hasara inayouma, ila mwisho wake unaujua.

Sasa fuatana nami katika daftari lako. Umeandika kwamba kila apatimenti itapangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.4 kwa zote nne. Benki imekutajia riba ya asilimia 16 kwa miaka 5, na kwa masharti hayo rejesho la milioni 60 ni takribani milioni 1.46 kila mwezi. Hata zikijaa zote, bila mpangaji hata mmoja kuhama, kodi haifikii rejesho, na hapo hujalipa kodi ya mapato, wala dalali, wala fundi bomba. Tena hazitajaa wakati wote. Mpangaji akitoka, utapaka rangi, utabadilisha vitasa na koki, na apatimenti inaweza kukaa tupu mwezi mmoja au miwili. Wenye nyumba wengi hupotezwa na utaratibu wetu wa kupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa maana fedha nyingi zikiingia siku moja huonekana kuwa ni faida, ilhali benki itadai rejesho lake mwezi kwa mwezi, na itaanza kudai hata kabla bati halijapanda.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Katika picha moja nimeliona korongo nyuma ya boma, na ukingo wake umeliwa hadi karibu na ukuta wa jiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Korongo hilo likihesabiwa kuwa mto, katazo hilo linakugusa. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya zege, mpe mpima ardhi kazi ya kupima umbali huo na kuzihakiki bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kisha uombe taarifa rasmi za kiwanja katika ofisi ya ardhi. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mliuziana, lakini haikuambii kama mahali penyewe panaruhusiwa kujengwa. Unakumbuka bomoabomoa ya mwaka 2017 katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, na unakumbuka nyumba zilizoondolewa mapema zaidi katika bonde la Msimbazi. Bima ya moto haimfidii mtu aliyevunjiwa kwa kujenga ndani ya hifadhi.

Na Tandika? Nyumba ile ni ya marehemu mama yako, dada yangu. Wewe ni msimamizi wa mirathi, na dada zako wawili ni warithi sawa nawe. Ukishindwa kulipa, benki itaipeleka mnadani, na watakaotolewa nje ni watu ambao hawakuwahi kukanyaga Goba. Hatari ya mradi wako ibaki ndani ya mradi wako; hilo kwangu halina mjadala.

Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba kiwanja ni salama na hutaki kuuza, malizia apatimenti moja kwa mshahara wako, uipangishe, kodi yake isaidie ya pili, hata kama itachukua miaka. Akiba ya dharura usiizike kwenye tofali. Kiwanja kinaweza kukaa mwaka mzima bila mnunuzi wa bei ya haki, lakini vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unavigeuza kuwa fedha ndani ya siku chache mtoto akilazwa. Ikiwa utauza, tunza risiti zote za ujenzi, kwa kuwa kodi ya mauzo ya jengo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama usiyoweza kuithibitisha ni vigumu kukubaliwa kama gharama.

Usisaini chochote benki kabla hatujakutana. Njoo na mkeo na dada zako wote wawili, mlete karatasi ya mauziano, barua ya benki na risiti za nondo na saruji. Huyo wa milioni 30 mwombe akusubiri hadi mpima amalize kazi yake, na umweleze ukweli kuhusu korongo.

Mjomba wako