Makwaruzo ya albamu za nyumbani si ya aina moja

Mhariri,

Albamu ya roki iliyorekodiwa sebuleni ikitajwa kwenye kurasa za burudani, hukumu huwa ileile: haijaiva. Mchakacho, mvumo, sauti ya mwimbaji iliyofunikwa na gita, vyote hutiwa kapu moja na kuitwa ukosefu wa studio. Sisi tunaofanya kazi ya kunasa sauti tunapinga. Zipo kelele ambazo bendi imezitafuta, na zipo zilizojipenyeza kwa sababu mtu hakujua afanyalo. Mhakiki anapaswa kuzitenganisha, na masikio yanatosha kwa kazi hiyo.

Guided by Voices, bendi ya Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, ikiongozwa na Robert Pollard aliyekuwa mwalimu wa shule, ilitoa Bee Thousand mwaka 1994. Ni nyimbo 20 ndani ya dakika zisizofika 40, nyingi zikiwa zimenaswa majumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne sambamba kwenye utepe mmoja. Katika wimbo wa kwanza kabisa gita linakatika ghafla, kisha linarudi, na wenyewe wakauachia hivyohivyo. Msikilizaji hapotei, maana sauti ya kuimba iko mbele na ala hazigombanii nafasi.

Mashine hiyo ina tabia zake. Utepe wa kaseti hubeba njia mbili za upande A na mbili za upande B. Mashine ya njia nne huzitumia zote kwa pamoja, kuelekea upande mmoja tu. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakupa 30, na kwenye mashine zinazokwenda sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa kawaida, inakupa 15. Kaseti ya dakika 120 iepukwe kabisa: utepe wake ni mwembamba, unavutika, na gita zima linaanza kuyumba. Njia zikijaa, unakusanya tatu kwenye ya nne, yaani unazichanganya na kuzinakili humo, halafu zile tatu zinakuwa huru kurekodiwa upya. Kila mkusanyo unaongeza mchakacho na kula milio ya juu, ndiyo maana besi na dramu hutangulia, matoazi yakiongezewa makali kidogo kabla ya kukusanywa, na mwimbaji huja mwisho. Ukishafuta zile tatu za awali, uwiano wa besi na dramu haurekebishiki tena.

Utamu wake kwa bendi ya majaribio uko hapa: ukigeuza kaseti, muziki wote unacheza kinyumenyume. Piga gita juu yake, rudisha kaseti upande wake, na gita ndilo litakalosikika likimeza noti badala ya kuzitoa. Ila namba za njia nazo zinageuka: ya 1 inakuwa ya 4, ya 2 inakuwa ya 3. Anayesahau hilo anarekodi juu ya sauti ya mwimbaji na kuifuta. Mduara wa utepe, unaorudia sauti ileile bila kukoma, nao unawezekana ndani ya ganda la kaseti: sentimita 24 zinatoa sekunde 5 kwa mwendo wa kawaida, na nusu ya hapo kwa mwendo maradufu. Selotepu ya ofisini isitumike kuunga ncha zake, kwani gundi huvuja na kunata kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe.

Kwa ala za kujitengenezea, wakongwe wetu wako Kinshasa. Konono N°1 ya Mawangu Mingiedi, ambayo albamu yake Congotronics ilitoka mwaka 2004, ilizifunga likembe, ala za ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, vinasa vilivyoundwa kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari na waya wa shaba. Si bendi ya roki, lakini mkwaruzo ule ndio ambao wapiga gita wengi hununua kwa bei ghali ndani ya vikasha vya pedali. Ulimi wa chuma unatikisika mbele ya sumaku, koili inazalisha umeme mdogo, amplifaya inaukuza hadi unapasuka. Ukiongeza mizunguko ya waya, sauti inakuwa kubwa zaidi, lakini inafifia juu na kubeba mvumo mwingi.

Njia nyepesi zaidi ya kunasa sauti ya sufuria, debe au ubao ni kile kisahani cha ndani ya buza, kifaa kidogo cha umeme kinacholia piii, chenye upana wa milimita 27. Waya wa katikati wa kebo unaungwa kwa risasi kwenye sehemu nyeupe, wavu wa nje kwenye shaba ya njano. Gusa kwa chuma cha moto cha kuungia kwa sekunde moja au mbili tu, maana joto likizidi utando wa fedha unabanduka na kisahani kimekufa. Kibandike kwa gundi ngumu. Kikiachwa kinalegalega, utanasa mtetemo wa kisahani chenyewe badala ya sufuria. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni kukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), lenye ukinzani wa kama kiloomu 10: chini ya hezi 800 hivi kila kitu kinapungua, na sufuria inalia kama kopo. Kinahitaji tundu la gita, megaomu 1 au zaidi.

Dramu ndizo zinazowaumbua wengi. Maikrofoni mbili zinazosikiliza sneya, ile dramu yenye mlio mkali wa kuchakacha, kutoka umbali unaopishana kwa sentimita 34 hupishana kwa milisekunde 1, na hapo mlio wa hezi 500 unajifuta wenyewe. Sneya inabaki ganda tupu. Dawa ni kamba: pima kutoka katikati ya sneya hadi kila maikrofoni ya juu, zote ziwe sawa, mita moja hivi. Kama una maikrofoni moja tu, hangaika na mahali pa kuiweka. Hiyo moja haiwezi kupingana na nyingine.

Kwenye kompyuta, kilele cha sauti kiachwe karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, wakati wa kurekodi. Kaseti ikizidiwa hulainisha mawimbi. Kompyuta huyakata bapa, na mkato huo haufutiki. Mpiga besi akilalamika kwamba anajisikia akichelewa, angalia bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuishughulikia: sampuli 1024 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21 upande wa kuingia peke yake. Shusha hadi 256 wakati wa kurekodi. Mvumo wa hezi 50 ukijitokeza, vifaa vyote vipate umeme kutoka soketi moja. Waya wa ardhi usikatwe kamwe. Watu hufanya hivyo, mvumo unaisha, na nyuzi za gita zinaweza kubaki na umeme, zikimsubiri mpigaji aguse maikrofoni apigwe na shoti.

Sasa mhakiki asikilize nini? Mkwaruzo uliokusudiwa hufuata mdundo na hunyamaza wimbo unaponyamaza. Mvumo unaoendelea hadi kwenye pengo kati ya nyimbo ni wa waya. Mpasuko unaotokea kwenye silabi kubwa tu ni wa kipimo kilichopita kiasi. Haya hayasikiki vizuri kwenye spika ya simu, ambayo haina uwezo wa kutoa hezi 50 hata kidogo. Hedifoni za waya zinatosha. Tena, Mhariri, tunaomba kila uhakiki wa albamu ya namna hii uwe na mstari mmoja unaotaja ilirekodiwa kwenye nini, kwa maikrofoni ngapi, na nani aliyeichanganya. Bendi zenyewe zitafurahi kuulizwa.

Mafundi wa sauti,
Dar es Salaam