Asante, mama wa jumuiya yetu

Mama, hukutaka jina lako litajwe, sawa. Lakini watu wajue.

Mimi na mume wangu tumengoja mtoto miaka mingi, na kila mtu alikuwa na mganga wa kutuelekeza. Wewe ulikuja na chupa ya chai, ukanisomea 1 Samweli 1, pale kuhani Eli anapomdhania Hana, mwanamke aliyekuwa akimlilia Mungu ampe mtoto, kuwa amelewa. "Hata kuhani alikosea," ukasema, ukaniacha nilie. Hukuniahidi mtoto (wengine walinitajia hadi mwezi!). Ulinirudisha kwaya, ukawa unanipitia kila Jumapili, na mawifi walipoanza maneno ukawajibu wewe.

Bado tunangoja, na bado naimba sauti ya pili. Mwenye jirani anayengoja ampelekee chai; utabiri abaki nao.