Molekuli zina mkono, wanafunzi tupewe tuzishike

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu barua ya mwenzetu aliyelalamika kwamba wanafunzi wa afya tunabebeshwa kemia isiyo na kazi, akataja kabohaidreti (wanga na sukari), lipidi (mafuta) na "mambo ya molekuli za kulia na kushoto", yaani molekuli zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto lakini hazioani. Mimi nasoma stashahada ya famasia hapa Unguja. Nina miaka 41 na watoto watatu, na kabla ya kurudi darasani nilikaa miaka 11 nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Machungu anayoyasema nayajua. Lakini kwamba masomo hayo yafutwe, hapo sipo naye. Kibaya ni namna tunavyofundishwa.

Muhula wa kwanza niliukariri mchoro wa glukosi, ile sukari ya mwilini, kama namba ya simu. Kaboni sita zimesimama wima, na vile vikundi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) vinne vya kati vinakwenda kulia, kushoto, kulia, kulia. Mwalimu alituambia tumeze hivyo hivyo, tutaelewa tukifika kazini. Siku ya mtihani nikaichora, nikapata alama zote. Lau angeniuliza kwa nini cha pili kikae kushoto, na kikihamia kulia kutatokea nini, nisingekuwa na neno la kumjibu.

Nilielewa jikoni, usiku, nakanda unga wa chapati. Nilifinyanga donge dogo nikaliita kaboni, nikalichoma njiti nne za meno: tatu zimekaa chini kama mafiga, ya nne imesimama juu. Ncha ya kwanza nikaibandika karafuu, ya pili hiliki, ya tatu pilipili manga, ya nne kipande cha mdalasini. Kisha nikaweka kioo mbele yake na kutengeneza donge la pili kwa kufuata ninachokiona kiooni. Nikajaribu kuyaoanisha. Nikaligeuza, nikalipindua, nikalilaza ubavu. Kila karafuu ikikutana na karafuu na hiliki na hiliki, pilipili manga inaangukia kwenye mdalasini. Nikang'oa mdalasini kwenye madonge yote mawili, nikatia karafuu ya pili mahali pake, yakaoana papo hapo. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Akasema, "Mama, yale ya mwanzo yalikuwa kama makubazi, la kulia na la kushoto."

Ndivyo. Kaboni iliyoshika vitu vinne vilivyo mbalimbali ni kubazi, na ikishika viwili vinavyofanana haina tena kulia wala kushoto. Miezi minne ya kukariri haikunipa nilichopewa na donge la unga kwa robo saa.

Wala si mchezo wa kitoto. Mwaka 1848, Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 huko Paris, alikaa na fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki akizichambua moja moja kwa kibano, zilizoelekea kulia huku na zilizoelekea kushoto kule. Alipoziyeyusha mbalimbali, maji ya fungu moja yaliuzungusha mwanga upande huu, na ya fungu la pili upande wa pili. Mwaka 1874 Van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 22, akaeleza kwamba kaboni inanyoosha mikono yake minne kwenye pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu. Naye alikunja vipiramidi vya karatasi ngumu akawapelekea wanasayansi wenzake wavishike. Huyo ndiye aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya kwanza kabisa, 1901. Kama wao walihitaji kushika, sisi tunaelezwaje kwa mchoro bapa ubaoni?

Ukishashika, mengine yanakuja yenyewe. Ile glukosi yangu ya kulia, kushoto, kulia, kulia: hamisha haidroksili ya kaboni ya nne tu, unapata galaktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya maziwa. Wali wa sahani na pamba niliyokuwa nikiuza dukani, vyote ni minyororo ya glukosi ile ile. Tofauti ni kiungo cha kaboni ya kwanza kimeelekea wapi. Kikielekea huku ni wanga, tunakula tunashiba. Kikielekea kule ni selulosi, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kukikata kiungo hicho. Hata kwenye mafuta mkono upo. Gliseroli peke yake haina kulia wala kushoto, lakini ukiipachika asidi mafuta za aina mbili tofauti kwenye ncha zake mbili, kaboni ya katikati inapata mkono hapo hapo.

Na anayetaka ushahidi wa pua aende sokoni. Harufu ya kisibiti na harufu ya nanaa zinatokana hasa na molekuli moja, karvoni: kaboni 10, hidrojeni 14, oksijeni 1. Kwenye kisibiti iko ya mkono mmoja, kwenye nanaa iko ya mkono wa pili. Bibi yangu asiyejua kusoma anazipambanua amefumba macho, kwa sababu puani napo mna mkono, na kiatu cha kulia hakiingii mguu wa kushoto.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Visiwa vyetu vinakijua kichocho, na dawa yake, prazikwanteli, nimeigawa kwa mikono hii. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anatakiwa ameze miligramu 600, ambazo ni kidonge kizima, kikubwa, kichungu hasa. Siku moja mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka minne. Tulikivunja kidonge, tukakisaga, tukakichanganya na maji ya embe, mama akamshika pua. Mtoto akatapika chote juu ya kaunta. Tukarudia, akatapika tena. Mama akaondoka analia, na mimi nikabaki nafuta kaunta bila kujua kosa liko wapi.

Leo najua. Prazikwanteli ya kawaida ni nusu kwa nusu, ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Nusu moja ndiyo inayowapiga minyoo wa kichocho. Nusu ya pili haisaidii kitu cha maana, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya ule uchungu. Yaani katika zile miligramu 600, tulikuwa tunapigana na mtoto ameze miligramu 300 zisizo na faida kwake. Watu walioelewa somo hili ambalo mwenzetu anataka lifutwe waliutenga mkono unaofanya kazi, wakatengeneza kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachosambaratika majini. Kikajaribiwa kwa watoto wa Kenya na Kodivaa, na Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kukiunga mkono kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo na wanaotunga mitaala ni jepesi kwa gharama. Kabla mwanafunzi hajachora glukosi kwenye karatasi, aitengeneze kwa mkono. Na katika mtihani wa vitendo liwekwe swali moja: mpeni mtahiniwa madonge mawili na njiti, aseme kama ni kitu kimoja au ni kulia na kushoto, na aonyeshe amejuaje.

Ijumaa iliyopita tulikaa watano mkekani kwangu. Mmoja wetu, binti anayerudia somo hili kwa mara ya pili, alifunikwa macho kwa mtandio akapewa donge moja baada ya jingine. Akapapasa karafuu, akapapasa hiliki, akanyamaza kidogo, akasema, "Hili ni la kushoto." Lilikuwa la kushoto.

Mwanafunzi wa famasia,
Mwanakwerekwe, Unguja