Mama, jina la Bibi halijatupwa

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Baba naye shikamoo. Sisi huku Voronezh, Urusi, hatujambo. Mtoto ananyonya na kelele anapiga, baridi tumeshaizoea.

Nimeisikiliza sauti aliyotuma Zuu. Salamu kidogo, mabati, halafu masimango. Ya mabati nitayafikia. Kwanza hili la jina, maana naona ameshalifikisha mpaka Pongwe kwa Shangazi: eti Sele kalitupa jina la Bibi, mtoto anaitwa Masha kama mwanasesere.

Mtoto anaitwa Mariam. Cheti kimeandikwa Mariam Selemanovna, ndiyo huyohuyo Mariamu binti Seleman. Masha ni la ndani. Mrusi hamwiti mtu wa nyumbani kwake jina zima ila kuna jambo. Mke wangu Katya kwenye pasipoti ni Ekaterina, mama yake akifurahi anamwita Katyusha au Katenka, na siku ukisikia "Ekaterina!" ujue kuna sufuria limeungua. Huyu wetu atakuwa Masha, Mashenka, Manya, Marusya, inategemea kapakatwa na nani. Akiitwa kwa haraka wanakata hata ile herufi ya mwisho, "Mash!", naye anageuka. Zuu asicheke. Kwani Dula wa Mama Zena ni Dula kwa cheti gani?

Ila yana adabu zake. Mashka, bibi yake wa huku analisema huku anambusu; akilisema mtu baki ni kumdharau mtoto. Baba atalipenda hili: zamani mtu akimwandikia Tsar, mfalme wao, kuomba jambo, alijidunisha kwa jina, Ivan akajiandika Ivashka, mpaka Tsar Peter alipopiga marufuku mwaka 1701.

Na Baba ajue jingine. Hapa kliniki hakuna mgonjwa anayethubutu kuniita Sele. Mimi ni Seleman Hassanovich. Ndiyo heshima yao, jina lako na la baba yako pamoja. Vikongwe waliobakiwa na meno mawili wanakaa kwenye kiti changu, "Seleman Hassanovich, taratibu mwanangu." Rajabu anayesema nimesahau kwetu, aulizwe yeye jina la Hassan wa Ngamiani amelifikisha wapi.

Sasa hili la Sasha. Ni Zuu tena aliyeeneza kwamba Katya yuko hospitali ya uzazi, mimi nimelala kwa Sasha. Nililala, ndiyo. Sasha ni Aleksandr, fundi magari, ndevu mpaka kifuani, na anakoroma. Huku Sasha ni wa kiume na wa kike. Mmezoea yule binti wa Obama, na hata yeye jina lake kamili ni Natasha. Zhenya ni vivyo hivyo, Evgeny au Evgenia, kwa hiyo siku mkisikia nimekwenda kwa Zhenya, ulizeni kwanza.

Tena Mama, tusemezane ukweli. Bibi Mariamu ni mkweo. Tangu nipate akili sijakusikia ukilitamka jina lake, hata ukiwa umekasirika. Huyu mjukuu ungemwitaje? Ungemzunguka na "Bi Mkubwa" mpaka aolewe. Masha utaliita utakavyo, na Bibi somo yake atabaki na jina lake. Mimi naona mngenishukuru.

Mamamkwe wangu ameniundia langu, Selemanchik. Mimi namwita Tatyana Ivanovna, sithubutu kumpunguzia hata silabi. Na Sele nimemfundisha Katya, anajitahidi, lakini analivuta mno; halitoki kama ulivyokuwa ukiniita kutoka uani magharibi imeingia na mimi bado niko uwanjani. Ramadhani hii iliyopita nilikula tende na chai mbele ya televisheni. Basi, tuyaache.

Mabati: pesa nimetuma leo kwa jina la Baba. Yawe geji 28, si 30, ile 30 mvua ya masika itatupigia ngoma. Rajabu asishike hata senti. Fundi alipwe na Baba mwenyewe, nusu kwanza, nusu akimaliza, na risiti ipigwe picha nitumiwe. Na kiwanja cha Pongwe kisiguswe mpaka nije. Akitokea mnunuzi, aambiwe mwenyewe ni Seleman Hassanovich na yuko kazini.

Mwanao,
Sele