Mbwa anaelewa, sisi ndo tunamchanganya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili maana limenikaa rohoni. Juzi jirani kamwita mbwa wake kwa upole, "njoo, njoo baba", mbwa kaja mkia unacheza, kufika tu akaanza kuchapwa kisa alikula mayai ya kuku asubuhi. Sasa hivi akiitwa anasimama kule kwenye migomba anaangalia tu, halafu jirani anasema hili jibwa jinga halisikii. Halisikii wapi jamani? Limesikia na limeelewa kabisa kwamba njoo maana yake fimbo.

Mbwa anatusoma kuliko tunavyodhani. Koko akikubwekea njiani wewe si unainama tu kama unaokota jiwe, hata kama jiwe hakuna, na mwenyewe anatimua mbio? Watafiti wamewapima kwa kuwanyooshea kidole kwenye kopo lenye chakula, mbwa wakakifuata vizuri kuliko hata sokwe mtu.

Na maneno wanayajua. Ujerumani kulikuwa na mbwa anaitwa Rico, mwaka 2004 ikaandikwa kwamba anajua majina ya vitu kama 200, na ukimtajia jina ambalo hajawahi kulisikia anaenda kukuletea kile kitu kigeni kati ya vile alivyozoea. Chaser wa Marekani ndo kabisa, mwenye mbwa huyo, mzee John Pilley, alimfundisha majina ya midoli na mipira 1,022, kwa mazoezi ya kila siku miaka mitatu.

Ila kilichonigusa zaidi ni utafiti wa Budapest, Hungary, mwaka 2016, mbwa 13 walizoeshwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ikaonekana sehemu ya ubongo inayopokea raha inaamka pale tu neno la sifa linaposemwa kwa sauti ya sifa. Kwa hiyo "safi sana" ya sauti kavu haimpi raha hiyo, na neno lisilo na maana hata ulibembeleze vipi halimpi.

Kwangu tulikuwa tunamchanganya mbwa wetu Simba, mama anasema kaa, watoto sit, kijana wa getini lala chini, halafu tunakasirika. Tukakubaliana neno moja tu, kaa, na kiganja kinashuka. Naomba wenye mbwa mjaribu hivyo, na akija ulipomwita mpapase kichwa hata kama mayai kayala yeye.

Jana usiku nilikuwa naongea na simu, nikashusha kiganja bila kusema neno. Simba akakaa.

Msomaji wako,
Morogoro