Kabla hujapunguza kina, panga hatua

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Umeniambia injini yako ya sataranji, yaani programu inayocheza, haifiki mbali, na kwamba sasa unataka kupunguza kina, yaani idadi ya hatua inazotazama mbele, kwa hatua zisizo na matumaini. Sawa, lakini nijibu kwanza: hatua zenyewe umezipanga vipi?

Nauliza kwa sababu mambo yote yamesimama hapo. Katika hali ya kawaida mchezaji ana wastani wa hatua halali kama 35. Ukitazama mbele hatua 6, yaani 3 za kila upande, matawi yanapita bilioni 1.8. Alfa-beta, njia ya kuacha matawi yasiyoweza kubadili jibu, ikikuta hatua bora imetangulia kila mahali, huimaliza kazi hiyo kwa kupima hali za mwisho kama 86,000 tu, na jibu ni lilelile. Kupunguza kina ni habari nyingine: hapo unacheza kamari. Unadai kwamba hatua ya 20 kwenye orodha haielekei kufaa, basi itazamwe juujuu. Orodha ikiwa ovyo, utakuwa unaipuuza hatua ambayo ingekuokoa.

Kwa hiyo itangulize hatua iliyohifadhiwa kwenye jedwali la kumbukumbu linalotunza hali zilizokwisha kuchunguzwa, kisha kula kete kwenye faida, kisha hatua za kimya, yaani zisizokula kete, zilizokwisha kukata matawi jirani. Hapo ndipo uanze kupunguza. Tatu au nne za mwanzo zipe kina kamili; zinazofuata zipunguzie kidogo, halafu zaidi kadiri kina na nafasi ya hatua vinavyoongezeka. Wengi hutumia logi ya namba hizo mbili, nami sioni sababu ya kubuni kingine. Zichunguze kwa dirisha finyu, yaani kwa kuuliza tu kama hatua inaivuka alfa, alama bora uliyokwisha kujihakikishia, na yoyote itakayoivuka irudiwe kwa kina kamili. Ukiruka marudio hayo, injini itaanza kuamini uvumi. Kula, kumpa mfalme shaha (kumtishia) na kupandisha kitunda cheo usiviguse kwa sasa. Wapo wanaovipunguza navyo, ila hao wameshajua wanachofanya.

Kuhusu kupisha zamu, mbinu nyingine ya kukata matawi: unamwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, unachunguza kwa kina kilichopungua 2 au 3, na kama bado uko juu ya beta, alama ambayo mpinzani hatakuruhusu uivuke, unakata tawi. Mimi naipenda mno. Lakini usiitumie mfalme wako akiwa kwenye shaha, wala pale ulipobakiwa na mfalme na vitunda tu, maana huko mara nyingi kulazimika kusogea ndiko kunakoua, na hesabu yote inageuka.

Baada ya hapo namba ya kina itapanda kwenye skrini. Usiifurahie! Kina cha 14 chenye mapengo kinaweza kushindwa na cha 10 kilicho kamili. Ipambanishe injini mpya na ile ya zamani kwa michezo mingi ya muda mfupi, ukibadilisha jambo moja tu kila mara. Makumi machache ya michezo hayatoshi kukuonyesha tofauti ndogo.

Nitumie ile sehemu ya msimbo inayopanga hatua, nianze nayo.

Wako,
Sahibu yako